Takwimu za rufaa Zanzibar: ripoti ya Mahakama, hukumu za mtandaoni au rejista ya masjala?

Anayetaka kusema jambo la uhakika kuhusu mwenendo wa rufaa Zanzibar, kwamba zinaongezeka au zinapungua, zinachukua muda gani na zinaamuliwa vipi, ana njia tatu mbele yake. Anaweza kuzichukua namba kama zilivyotolewa katika ripoti za Mahakama na hotuba za bajeti. Anaweza kuzihesabu hukumu mwenyewe, moja baada ya moja, kwenye tovuti za hukumu za TanzLII na ZanzibarLII, ambako husomwa bila ya malipo. Au anaweza kuomba ruhusa, akaingia masjala na kunakili kutoka kwenye rejista na majalada. Mwanafunzi anayeandika tasnifu ya sheria Tunguu, mwandishi wa habari aliyepewa siku mbili na mhariri wake, na afisa wa msaada wa kisheria wa Chake Chake anayetakiwa kuandika ripoti ya mradi, wote huishia kwenye suala hilo hilo la wapi pa kuanzia.

Uzito wa suala hilo unatokana na jambo moja ambalo wengi huligundua wakiwa wameshachelewa: njia hizi tatu hazihesabu kitu kimoja. Ya kwanza huhesabu mashauri, ya pili huhesabu maamuzi, na ya tatu huhesabu kila karatasi iliyopokelewa na kupewa namba. Kwa hivyo watu watatu wanaweza kutoa majibu matatu yanayopingana kuhusu mwaka mmoja, na wote wakawa wamesema kweli.

Rufaa zipi khasa?

Kabla ya kulinganisha njia, ni vyema kukumbuka kwamba rufaa za Zanzibar hazipiti mlango mmoja. Mahakama Kuu ya Zanzibar yenyewe ni mahakama ya rufaa kwa mashauri yanayotoka Mahakama za Mikoa na mahakama nyengine zilizo chini yake. Juu yake ipo Mahakama ya Rufani ya Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1979 baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, ambayo ilikuwa na mahakama yake ya rufaa. Mahakama ya Rufani ni ya Muungano, na hufanya vikao vyake Zanzibar kwa vipindi. Mlango wa tatu ni wa Kadhi. Shauri la ndoa, talaka au mirathi lililoanza katika Mahakama ya Kadhi hukatiwa rufaa ndani ya mfumo wa Kadhi, kisha Mahakama Kuu, na hapo ndipo mwisho wake, kwa kuwa Ibara ya 99 ya Katiba ya Zanzibar ya 1984 inaiondolea Mahakama ya Rufani uwezo wa kusikiliza mambo ya Kiislamu yaliyoanzia kwa Kadhi. Ibara hiyo hiyo inaizuia Mahakama ya Rufani kuitafsiri Katiba ya Zanzibar.

Hivyo mtu anaposema kwamba rufaa za Zanzibar zimepungua, anayemsikiliza ana haki ya kumuuliza ni za mlango upi. Ana haki pia ya kuuliza mwaka wa kuanzia. Kuanzia 1970 Zanzibar ilikuwa na mahakama za wananchi, ambamo mawakili hawakuruhusiwa, na mfumo tunaoujua leo ulirejea kwa Katiba ya 1984 pamoja na Sheria ya Mahakama Kuu Na. 2 ya 1985 na Sheria ya Mahakama za Mahakimu Na. 6 ya 1985. Grafu inayovuka mwaka 1985 bila ya maelezo inaunganisha mifumo miwili ambayo haikuwa ikisikiliza rufaa kwa njia moja.

Vigezo nilivyovitumia ni vitano: kitu gani kinahesabiwa, hesabu imekamilika kiasi gani, muda wa rufaa unapimwaje, maamuzi yenyewe yanaonekana kwa kina gani, na kazi inahitaji ruhusa na gharama kiasi gani. Havina uzito sawa, na nimevipa nafasi kwa kadiri vinavyoleta tofauti.

Kinachohesabiwa

Ripoti ya Mahakama hutoa namba nne: mashauri yaliyovuka kutoka mwaka uliopita, yaliyosajiliwa, yaliyomalizika na yaliyobaki. Kutokana na namba hizo hupatikana kiwango cha uondoshaji wa mashauri, yaani yaliyomalizika kugawanya kwa yaliyosajiliwa, mara mia moja. Tuchukue mfano wa kubuni. Mwaka umeanza na rufaa 40, zikasajiliwa 60, zikamalizika 66. Kiwango ni asilimia 110, na zilizobaki ni 34. Mahakama imepunguza mzigo, na hilo ni jambo la kheri. Lakini asilimia 110 haisemi kwamba kazi yote iliyoingia mwaka ule imekwisha. Inasema tu kwamba zilizotoka ni nyingi kuliko zilizoingia, na zilizotoka zinaweza kuwa za miaka mitano nyuma. Pale ambapo namba ni ndogo, kama zilivyo rufaa za mahakama moja ya kisiwani, rufaa tatu tu hutosha kuirusha asilimia juu au chini. Vichwa vya habari hupenda asilimia. Mimi huuliza kwanza ni asilimia ya ngapi.

Kuna mtego mwengine katika neno “kumalizika”. Rufaa inaweza kumalizika kwa kukubaliwa, kwa kutupiliwa mbali baada ya hoja zake kusikilizwa, au kwa kufutwa kwa sababu ya kasoro za kisheria, mfano kumbukumbu za rufaa kukosa hati muhimu. Iliyofutwa haijaamuliwa kwa kupimwa hoja za pande mbili, na mara nyingi mrufani huirekebisha kasoro, akaomba kuongezewa muda na kurudi na rufaa mpya. Katika ripoti, mgogoro huo mmoja umeingia mara mbili na umetoka mara mbili. Mwaka 2018 Sheria Na. 8 iliongeza vifungu vya 3A na 3B katika Sheria ya Mamlaka ya Rufani, ikiitaka Mahakama ya Rufani iangalie zaidi utoaji wa haki bila ya kufungwa na ufundi usio wa lazima. Kwa hivyo anayelinganisha idadi ya rufaa za Mahakama ya Rufani kabla na baada ya mwaka huo anatakiwa ajiulize ni sehemu gani ya mabadiliko imetokana na watu kukata rufaa, na ni sehemu gani imetokana na rufaa chache zaidi kufutwa na kurudi.

Tovuti za hukumu huhesabu maamuzi, na uamuzi si shauri. Mgogoro mmoja wa kiwanja unaweza kuzaa uamuzi wa ombi la kuongezewa muda, uamuzi wa ombi la kusimamisha utekelezaji wa hukumu, hukumu ya rufaa yenyewe, na baadaye uamuzi wa ombi la marejeo. Asiyezitenganisha namba za maombi na namba za rufaa atahesabu migogoro minne mahali penye mmoja. Ubora wa njia hii ni kwamba kila kilichohesabiwa kinaweza kufunguliwa na kusomwa tena na mtu mwengine, na hiyo ni sifa ambayo jedwali la ripoti halina.

Rejista huhesabu kilichoingia, hata kile ambacho hakikumfikia jaji. Hapa ndipo penye hazina ambayo watafiti wengi huipita. Anayetaka kwenda Mahakama ya Rufani hutakiwa kuwasilisha notisi ya rufaa ndani ya siku 30 tangu uamuzi anaoulalamikia, na notisi hiyo huwasilishwa kwa Mrajis wa Mahakama Kuu. Kwa mashauri ya madai, rufaa yenyewe hufunguliwa ndani ya siku 60 tangu notisi, na siku zilizotumika kuandaa nakala za mwenendo zinaweza kutolewa katika hesabu iwapo Mrajis atathibitisha. Kati ya notisi na rufaa watu huanguka: wengine hukosa fedha, wengine husuluhishwa, wengine hungoja nakala mpaka wakachoka. Hukumu zilizomo mtandaoni ni za waliovuka. Kuyahesabu majahazi yaliyotia nanga Malindi hakukwambii ni mangapi yaliyokata tamaa njiani, na rejista ya notisi ndiyo inayoweza kukwambia.

Ukamilifu

Kwa ujumla wa namba, ripoti ndiyo iliyokamilika zaidi, kwa sababu mahakama zote hutakiwa kupeleka takwimu zao juu. Tatizo lake ni kufungasha. Namba ya Mahakama ya Rufani inapotolewa kwa jumla, rufaa zilizotoka Vuga, Tunguu na Chake Chake zimo ndani yake pamoja na za Mwanza na Mbeya, na hakuna namna ya kuzitoa. Pia kuna suala la kalenda. Hotuba ya bajeti ya wizara inayosimamia mambo ya katiba na sheria, iwe inasomwa Baraza la Wawakilishi au Bungeni, kwa kawaida hutoa takwimu za Julai hadi Machi, kwa sababu husomwa kabla ya mwaka wa fedha kumalizika. Taarifa zinazotolewa wakati wa Siku ya Sheria, mwezi wa Februari, huangalia zaidi mwaka wa kalenda, Januari hadi Disemba. Nimeona makala zilizoweka namba ya miezi tisa kando ya namba ya miezi kumi na miwili na kutangaza kwamba mashauri yamepungua kwa robo. Hayakupungua; miezi ndiyo iliyopungua.

Tovuti zimekamilika vizuri kwa Mahakama ya Rufani ya miaka ya karibuni, na zina mapengo kadiri unavyorudi nyuma. Anayeanza kuhesabu kutoka miaka ya 1980 ataona mstari unaopanda kwa kasi, na sehemu kubwa ya mpando huo itakuwa ni hukumu kupakiwa mtandaoni, si rufaa kuongezeka. Kwa mashauri ya Kadhi singemshauri mtu ajenge hoja ya takwimu kwa kutegemea mtandao peke yake.

Rejista imekamilika kwa jengo lake tu. Ya Unguja haina ya Pemba, na ya jinai si ya madai. Isitoshe, rejista iliyoandikwa kwa mkono huwa na nidhamu zaidi upande wa kushoto kuliko wa kulia: namba, tarehe ya kupokelewa na majina hujazwa siku ile ile, lakini safu ya tarehe ya kumalizika na matokeo inategemea kama jalada lilirudi kwa karani kwa wakati. Safu tupu haimaanishi kwamba shauri halijaisha. Ni lazima jalada litafutwe.

Muda wa safari ya rufaa

Hiki ndicho kigezo ambacho wananchi hukijali zaidi, na ndicho kinachopotoshwa kwa urahisi zaidi.

Ripoti hutoa makadirio. Njia inayotumika katika nchi nyingi ni kugawanya yaliyobaki kwa yaliyomalizika, kisha kuzidisha kwa 365. Katika mfano wetu wa kubuni, 34 kugawanya kwa 66 mara 365 ni kama siku 188. Hiyo siyo safari ya rufaa yoyote. Ni makadirio ya muda ambao mahakama ingehitaji kumaliza mzigo uliobaki kama ingeendelea kwa kasi ile ile. Kipimo chengine cha ripoti ni mlundikano, yaani mashauri yaliyopita umri uliowekwa. Kwa Mahakama Kuu ya Tanzania Bara umri huo ni miezi 24, na kwa Mahakama za Mwanzo ni miezi sita. Ukisoma kwamba hakuna mlundikano, fahamu kwamba rufaa ya miezi 23 haimo katika hesabu hiyo.

Hukumu ya Mahakama ya Rufani, kwa upande wake, ina karibu tarehe zote unazozihitaji katika kurasa zake za mwanzo. Juu kabisa huandikwa mahali mahakama ilipokaa, na kama ni Zanzibar hutajwa Zanzibar. Chini yake huja majina ya majaji wa jopo, kwa kawaida watatu, kisha namba ya rufaa ambayo ndani yake mna mwaka wa kusajiliwa. Baada ya majina ya wadaawa hufuata maelezo ya uamuzi unaokatiwa rufaa: ni wa Mahakama Kuu ya Zanzibar, ya Vuga, ya Tunguu au ya Chake Chake, wa jaji yupi na wa tarehe gani. Halafu, chini ya maneno yanayotangaza kwamba hii ni hukumu ya mahakama, huwekwa tarehe mbili: ya kusikilizwa na ya kutolewa uamuzi. Mtu mwenye subira na jedwali la kompyuta anaweza kupata kutoka hapo siku zilizopita tangu hukumu ya Mahakama Kuu hadi hukumu ya rufaa, na siku ambazo majaji walizitumia kuandika baada ya kusikiliza. Muda wa pili mara nyingi ni mfupi sana ukilinganishwa na wa kwanza, na hilo peke yake hubadilisha mjadala: foleni iko kabla ya kusikilizwa, katika maandalizi ya nakala na katika kungoja kikao.

Vikao pia huacha alama. Kwa kuwa Mahakama ya Rufani hukaa Zanzibar kwa vipindi, maamuzi yake ya hapa hutoka kwa mafungu. Grafu ya mwezi kwa mwezi itaonesha miezi mitupu na mwezi mmoja uliofurika. Usiitafsiri kama uzembe na bidii. Iweke kwa mwaka au kwa kikao.

Kasoro ya kupima muda kwa hukumu ni kwamba unazipima rufaa zilizokwisha tu. Mahakama ikiamua mwaka huu kushughulikia majalada makongwe, wastani wa muda wa rufaa zilizoamuliwa utapanda, na msomaji asiyejua ataona kwamba mambo yameharibika katika mwaka ambao kwa hakika yametengenea. Dawa yake iko masjala. Unachukua rufaa zote zilizosajiliwa mwaka mmoja, tuseme 2019, unazifuatilia zote, na unaandika zilizokwisha ndani ya mwaka mmoja, ndani ya miwili, na ambazo hazijaisha hadi leo. Ukitoa matokeo, weka namba ya katikati baada ya kuzipanga kwa ukubwa, si wastani peke yake, kwa kuwa jalada moja la miaka kumi na nne linaweza kuuvuta wastani wa majalada thalathini.

Maamuzi yenyewe

Hapa tovuti hazina mshindani. Ripoti hukwambia ngapi. Mara chache hukwambia vipi. Rejista hukupa neno moja la matokeo, na neno hilo huandikwa kwa ufupi unaoficha tofauti ya kufutwa na kutupiliwa mbali. Hukumu hukupa sababu, sheria zilizotegemewa, kesi za zamani zilizofuatwa au kuachwa, na kama yupo jaji aliyetofautiana na wenzake, jambo ambalo katika Mahakama ya Rufani ya Tanzania si la kawaida. Hukumu nyingi hutolewa kwa jina la mahakama nzima, ingawa ameziandika jaji mmoja. Kwa sababu hiyo sioni faida ya zile orodha zinazohesabu hukumu za jaji fulani na kumpa tabia: aliyeandika ameandika kwa niaba ya jopo, na jopo limepangwa na mwengine.

Unaposoma kwa wingi, tafuta kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Hukumu nyingi za ngazi ya juu zimeandikwa kwa Kiingereza, huku mashauri ya Kadhi na ya ngazi za chini yakiendeshwa kwa Kiswahili, na utafutaji wa lugha moja utakupa nusu ya picha.

Kiwango cha rufaa zinazokubaliwa nacho kinahitaji tahadhari. Ikiwa rufaa nne katika kumi zimekubaliwa, haina maana kwamba majaji wa chini hukosea mara nne katika kumi. Walioridhika hawakuja, na waliokuja walichagua kuja, wengi wao baada ya kuambiwa na wakili kwamba wana hoja. Na uzito wa uamuzi haumo katika hesabu. Mwezi wa Novemba 2000, katika shauri la Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar dhidi ya Machano Khamis Ali na wenzake 17, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba kosa la uhaini haliwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Zanzibar kwa kuwa Zanzibar si dola lenye mamlaka kamili peke yake. Katika jedwali huo ni mstari mmoja wa jinai wa mwaka 2000, sawa na ombi la kuongezewa muda lililo juu yake. Mjadala uliozaliwa na mstari huo haujazimika mpaka leo.

Tatizo hili si la kwetu tu. Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa ikiamua kesi karibu 150 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1980, na sasa huamua kama 60. Anayeiona grafu hiyo peke yake anaweza kudhani kwamba Wamarekani wamepunguza magomvi. Sehemu ya maelezo ni sheria ya mwaka 1988 iliyoondoa karibu rufaa zote ambazo mahakama hiyo ililazimika kuzipokea, ikabakia kujichagulia. Katika mahakama za rufaa za shirikisho nchini humo, maamuzi mengi hutolewa bila ya kuchapishwa kama mwongozo kwa kesi zijazo, kwa hivyo anayehesabu yaliyochapishwa tu hupima kile ambacho majaji wenyewe walikiona kina uzito. Kila mteremko kwenye grafu utafutiwe sheria au kanuni iliyobadilika kabla ya kutafutiwa sababu nyengine.

Ruhusa na gharama

Ripoti na tovuti hazikudai zaidi ya bando na muda, ingawa muda wa tovuti ni mwingi: kuingiza hukumu moja katika jedwali kwa uangalifu si kazi ya dakika mbili. Masjala inataka barua kwa Mrajis, barua ya chuo au taasisi, kibali cha utafiti, na makubaliano ya nini kitanakiliwa. Kwa mashauri ya watoto na ya udhalilishaji wa kijinsia, majina yasitoke masjala hata kwenye daftari lako. Chukua namba ya shauri, umri na matokeo. Kwa Pemba ongeza nauli ya boti na siku za kukaa, na usipange kazi katika mwezi wa Ramadhani ukitarajia saa za kawaida za ofisi.

Nani achukue kipi

Ripoti inamfaa mwandishi wa habari, mjumbe wa Baraza anayetayarisha suala la msingi, na mtu yeyote anayetaka picha ya mahakama nzima kwa miaka kadhaa. Haimfai anayetaka kujua kwa nini. Tovuti inamfaa wakili anayetafuta mwelekeo wa hoja fulani, na mwanafunzi ambaye suala lake liko ndani ya hukumu. Haimfai anayetaka kusema idadi ya rufaa zilizofunguliwa. Rejista inamfaa mtafiti mwenye miezi, na taasisi inayotaka kujua watu huishia wapi kabla ya kufika kwa jaji. Haimfai aliye na haraka, wala asiye na mtu wa kumsaidia kukagua alichonakili.

Kwa hali yako

Ikiwa una siku mbili, tumia ripoti, lakini taja kipindi kwa miezi yake, taja mahakama yake, na toa namba kamili kando ya kila asilimia. Kisha fungua hukumu kumi za kikao cha karibuni cha Zanzibar ili usiandike kuhusu kitu ambacho hujakiona.

Ikiwa tasnifu yako inahusu Mahakama ya Rufani na ardhi, jinai au ushahidi, anza na tovuti, jiwekee mwaka wa kuanzia ambao hukumu zake zimepakiwa kwa ukamilifu, na utenganishe maombi na rufaa tangu siku ya kwanza. Jumla yako ilinganishe na ya ripoti. Zikitofautiana sana, tofauti hiyo ni sehemu ya matokeo yako na inastahili ukurasa wake.

Ikiwa suala lako ni la udhalilishaji, usichanganye takwimu za rufaa na zile zinazotolewa kila mwezi na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, kwani hizo huhesabu matukio yaliyoripotiwa, nayo ni mengi kuliko kesi, na kesi ni nyingi kuliko rufaa. Kumbuka pia kwamba mahakama maalumu za makosa hayo zilianzishwa mwaka 2021, na kwamba Sheria ya Adhabu na Sheria ya Mwenendo wa Jinai zinazotumika ni za 2018, Na. 6 na Na. 7.

Ikiwa unataka kujua muda ambao mwananchi hungoja, ripoti haitoshi na hukumu peke yake zitakudanganya. Chagua mwaka mmoja, ingia masjala na uzifuatilie rufaa za mwaka huo zote, ukianzia kwenye notisi.

Na ikiwa mada yako ni ya Kadhi, yaani mirathi, matunzo au talaka, hesabu yako ianze na kumalizika Zanzibar. Soma kwanza Sheria ya Mahakama ya Kadhi Na. 9 ya 2017 ili uzijue ngazi zake, omba ruhusa Unguja na Pemba kwa pamoja, na usiiweke Mahakama ya Rufani katika jedwali lako, kwa sababu rufaa hizo haziendi huko.